Sungusungu Kitambini Mwangu

Walisema sitamaliza shule, maana nilikuwa nachunga ng'ombe wa watu huko Butiama na nilikuwa nafika darasani na fimbo mkononi. Nikamaliza. Walisema nikienda Zambia nitapotelea huko. Nikarudi na diploma ya maabara yenye muhuri mwekundu, nikafanya na mtihani wa usajili wa hapa nyumbani, nikafaulu mara ya kwanza. Walisema mtu ambaye baba yake hakumwachia hata baiskeli hawezi kufungua maabara Musoma mjini. Leo ukishuka mtaa wa Mukendo ukaulizia maabara yenye mlango wa bluu, mama anayekaanga vitumbua pale kona atakuonyesha kwa kijiti chake bila hata kuinua kichwa.

Baada ya kushindwa mara zote hizo, wakabaki na neno moja tu la kunisema, na walikuwa wakilisema huku wamenikodolea macho kiunoni.

"Yote umeweza, lakini hicho kitambi hakitoki. Hutaweza hata siku moja."

Hilo nalo niliwaonyesha. Lakini nakiri lilinitoa jasho kuliko diploma.

Kwanza nieleze nilichokuwa nakijua, ili msomaji asidhani nilikuwa mtu wa kubahatisha. Lusaka nilianza kama mfagizi wa maabara ya hospitali. Nilifagia, nikaosha vioo, nikauliza maswali mpaka wakubwa wa pale wakachoka, wakanisaidia kuingia masomo ya jioni. Nilipopata diploma nikapangiwa kitengo ambacho wengi walikikimbia: kuandaa vipande vya nyama ya binadamu vinavyotolewa na madaktari wa upasuaji. Unakiondoa maji kipande kile, unakizamisha kwenye nta, unakikata chembamba kuliko karatasi ya kusokotea sigara, unakitia rangi, unakiweka kwenye kioo cha hadubini. Nyama ya misuli inakatika vizuri. Ini linakatika vizuri. Mafuta ndiyo kiboko. Yanateleza, yanachanika, yanajikunja mbele ya wembe kama mtoto anayekataa kuoga. Wenzangu walikuwa wakiyaharibu. Mimi niligundua kwamba ukikilaza kipande kwenye barafu kwa muda mrefu kidogo, ukawa na wembe mpya na moyo wa subira, kinakubali. Tangu hapo mafuta yote yakawa yanaletwa kwangu.

Siku moja daktari bingwa wetu, mama mmoja aliyekuwa akitafuna karanga kutwa nzima, aliniita kwenye hadubini yake.

"Umekata vizuri mno," alisema. "Njoo uone ulichokata."

Nikachungulia. Seli za mafuta huonekana kama povu la sabuni, duara kando ya duara, tupu katikati, kwa kuwa mafuta yenyewe huwa yameshayeyushwa na dawa wakati wa kuandaa. Povu lile lilikuwa limetulia. Lakini mahali pamoja palikuwa na duara lililozungukwa na vidoa vya zambarau vilivyobanana bega kwa bega, kama watu wanaotazama ugomvi sokoni.

"Hao ni nani?" akaniuliza.

"Seli za kinga. Zile walaji, zinazomeza vijidudu na uchafu."

"Unaona kijidudu chochote hapo?"

Nikatafuta. Hapakuwa na kijidudu.

"Basi wamefuata nini?"

Nikachungulia tena. Akatema ganda la karanga, akanieleza. Seli ya mafuta ni ghala. Ukilijaza, linatanuka. Ukizidi kulijaza linatanuka mpaka damu haililetei hewa ya kutosha, na baadhi ya maghala yanakufa. Ndipo seli walaji zinakuja kuondoa maiti. Ila maiti ni kubwa kuliko mlaji mmoja, kwa hiyo wanaizunguka na kuila taratibu, na wakati wakiila wanamwaga kemikali za kuita wenzao kutoka kwenye damu. Mtu mwembamba naye anao walinzi hawa ndani ya mafuta yake, lakini ni wachache na wapole, wanafagia tu na kutuliza mambo. Kwa mtu mnene wanazidi kuongezeka, wale wapole wanapungua, na waliobaki wanakuwa wakali. Mwili unakuwa na mcharuko, ule moto na uvimbe unaoujua ukichomwa na mwiba, ila huu hauumi na huuoni. Unaendelea tu, mwaka hadi mwaka.

Nilifurahi sana kujua hayo. Nilikuwa mwembamba wakati ule, mifupa ya mabega ikisukuma shati, kwa hiyo nilichukulia kuwa kioo kile kinahusu watu wengine.

Kisha nikarudi nyumbani.

Kwetu mtu akirudi kutoka mbali hupita nyumba zote za ukoo, na kila nyumba inampikia, na lazima ale. Kukataa sahani ya ndugu ni sawa na kumwambia usoni: naogopa umetia kitu. Hakuna tusi zaidi ya hilo. Mimi nina ukoo mkubwa, na sikutaka kumtukana mtu. Nilikula ugali wa udaga, yaani muhogo mkavu, na mtama, uliokuwa umekaa kwenye sinia kama kichuguu. Nilikula sato wa kukaanga, nyama ya nundu, kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo wa ng'ombe, maziwa mgando yenye samli juu. Nilipomaliza ukoo wangu nikaanza wa mke wangu. Nikamaliza huo, wa kwangu ukawa umenikumbuka tena.

Tumbo likaja, na watu wakafurahi. Siku moja kanisani nilipiga magoti, shati langu la Lusaka likachanika mgongoni kutoka kola hadi mkanda. Nilidhani nitaona aibu. Nyuma yangu nikasikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Unaona? Mungu akikubarikigi, hata shati linajua." Nikatoka pale nimenyoosha shingo.

Na lile tumbo lilifanya kazi, nisiliseme vibaya. Nilipotaka kununua mashine ya kemia ya damu, ile inayopima sukari, mafuta, ini na mengine kwa tone dogo, benki ilitaka hati ya nyumba. Ndugu na marafiki walitaka kuniona tu. Shangazi yangu wa Butiama, aliyenilea tangu mama alipofariki, aliuza ng'ombe mitamba wawili akanipa fedha. Rafiki yangu wa Kisorya, mnunuzi wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara vinavyouzwa ghali nje, alinipa mtaji wa msimu mzima. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu Buhemba, alitoa kilichobaki. Kabla ya kutoa alinipiga tumboni kwa kiganja, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Hapa hela yangu haipotei," akasema. "Mtu mwenye mzigo kama huu hawezi kukimbia."

Tulicheka wote. Sikuandikishwa popote. Kitambi ndicho kilikuwa dhamana.

Mashine ilipofika niliifungua mwenyewe. Nilitaka kuijaribu kabla ya kuwaalika wakubwa wa mji, nikajitoa damu nikiwa sijala tangu jana yake, nikaiweka. Majibu yakatoka. Sukari juu. Mafuta ya damu juu. Vipimo vya ini juu. Kipimo cha mcharuko, yaani ile protini ambayo ini hutoa mwilini kukiwa na moto mahali, nacho juu.

Nikampigia simu muuzaji wa Mwanza nikamwambia ameniuzia kopo.

Sikumsemesha kwa upole. Nilimwambia mimi ni mtu niliyefanya kazi nje, najua mashine, na kwamba hatanichezea kwa sababu niko Musoma. Nilimwambia na mengine. Baada ya siku chache akamtuma fundi wake, mtu mrefu mwenye mkoba wa vifaa. Fundi akafungua, akasafisha, akapima maji yao ya majaribio. Sawasawa. Akajitoa damu yake mwenyewe, akapima. Majibu yakatoka mazuri kama ya mtoto wa shule. Akaniomba kidole. Nikampa. Tukangoja, yeye amekunja mikono, mimi nasoma kalenda ukutani.

Akatazama karatasi, akanitazama tumboni, akafunga mkoba.

"Mashine ni nzima, bosi," alisema. "Tafuta kilichoharibika kwingine."

Nikayapeleka majibu kwa daktari mmoja wa hapa mjini ambaye huniletea wagonjwa wake. Nikajifanya ni ya mteja.

"Huyu mteja ana umri gani?" akauliza.

"Kama wangu."

"Ana kitambi?"

"Kiasi."

"Kama chako?"

"Havipishani sana."

"Kaa chini, mteja."

Nikakaa. Akaniambia sukari imevuka mstari, imeuvuka kidogo tu, bado inarudishika. Alinipa muda, hadi mvua za masika zipite. Nipunguze tumbo, turudie vipimo. Nikishindwa, tunaanza vidonge, na mbele ya vidonge kuna sindano. Kisha akashusha macho kwenye viatu vyangu.

"Majibu ya wagonjwa wa sukari wenye vidonda vya miguu unayatoa wewe mwenyewe pale kwako. Sina haja ya kukusomea."

Kweli hakuwa na haja. Niliwajua waliokuja wanachechemea na waliokuja baadaye wakiwa wamepunguzwa vidole. Nilitoka pale nikiwa nahesabu vyangu ndani ya viatu, vyote vipo, na nikaamua vitabaki hivyo.

Mimi nikiamua jambo nimeamua. Pikipiki nikaiegesha, nikawa natembea kutoka nyumbani hadi Mukendo asubuhi na kurudi jioni kwa njia ya ziwani. Soda nikaacha. Bia nikaacha, na wenye baa wa Mukendo wanakumbuka. Ugali nikapunguza mpaka ukawa saizi ya ngumi, nikaongeza mboga za majani na dagaa. Jumamosi nilishika jembe shambani kwangu, mtu mwenye diploma, na sikumtuma kibarua. Wiki za kwanza niliota sato wa kukaanga akiniita kwa jina. Baadaye hata ndoto zikapungua uzito. Mkanda ukaanza kuingia tundu jipya, nikatoboa jingine kwa msumari, kisha jingine.

Nilitegemea kusifiwa. Kumbe nilikuwa nimeugusa mji mahali pabaya.

Mama wa vitumbua alikuwa wa kwanza. "Baba, unaumwaga nini siku hizi?" Muuza duka jirani akaniletea mchuzi kwenye hotipoti, bila maelezo. Mwingine akasema maabara imefilisika ndiyo maana natembea kwa miguu. Wapo waliosema nimejipima mwenyewe nikakuta ule ugonjwa mkubwa. Sikuwajibu. Niliwaonea huruma kwa kutojua.

Ila maneno yalifika Kisorya, na rafiki yangu wa mabondo akaja. Alikuja na sangara mkubwa kwenye gunia la barafu, akasema alikuwa anapita tu. Kutoka Kisorya hadi Musoma hakuna mtu anayepita tu.

"Mzima, kaka?" akaniuliza, macho yakiwa kwenye mashine.

"Mzima kabisa."

"Na hii bado inafanya kazi?"

"Usiku na mchana."

Akaigusa, kama anayehakikisha haijauzwa ikabaki ganda. "Umepungua, kaka. Siyo vizuri. Kula huyo sangara, kula na lile tumbo lake lenye mafuta." Alipofika mlangoni akageuka. "Halafu ule mtaji, kama utakuwa tayari mapema mapema, nitashukuru. Mambo ya ziwa unayajua."

Jioni ile ile shemeji wa Buhemba akapiga simu kuuliza afya yangu, mara tatu ndani ya simu hiyo moja.

Ndipo nilipoona nimekaa wapi. Nikiendelea kukonda, wadai watanimaliza. Nikinenepa ili watulie, sukari itanimaliza. Nilihitaji muda tu, miezi michache ya biashara, na muda huo ulikuwa umeshikiliwa na tumbo ambalo sikuwa nalo tena.

Wiki ile palikuwa na sherehe ya kumuaga binti wa shemeji huyo, aliyekuwa anaolewa, huko Bunda, na ukoo wote ungekuwepo. Nikapata wazo, nalo lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, ingawa mke wangu alilicheka mpaka akakaa chini. Nilivaa sweta mbili ndani ya shati, moja nimeifunga kiunoni, juu nikavaa ile suti yangu kubwa ya zamani. Kwenye kioo nilikuwa yule yule wa mwaka uliopita.

"Utaiva humo," mke wangu akasema.

"Nitakaa kivulini."

Bunda mchana siyo mahali pa sweta. Hata kabla ya wimbo wa kuingiza wageni, jasho lilikuwa linaingia kwenye soksi. Lakini watu waliniona, na niliwaona wakitabasamu kwa nafuu. "Amerudi!" mmoja akasema. Nilikaribia kufanikiwa. Basi shemeji akaja kwa furaha, akanikumbatia, na kiganja chake, kile kile cha tikiti maji, kikatua tumboni. Kikazama.

Akakibonyeza tena.

"Shem," akasema taratibu, "hili tumbo mbona limelegea?"

"Nimekula kidogo leo."

Akashika ncha ya sweta iliyokuwa imechungulia kati ya vifungo, akaivuta kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Ikaja. Ikaendelea kuja. Ilikuwa sweta ya kijani ya mke wangu, yenye maua. Meza nzima ya wajomba ilikuwa inatazama.

Hakucheka. Angecheka ningepona. Alinipeleka kando ya turubai.

"Mtu anayevaa tumbo la uongo, Shem, ana jambo. Sikuulizi ni jambo gani. Krismasi nataka changu, chote. Na wa Kisorya nitamwambia afanye hivyo hivyo."

Kesho yake ukaja ujumbe wa shangazi kutoka Butiama. Ulikuwa mfupi: nifike, amepika.

Nilikwenda. Shangazi ni mwanamke mfupi, mkavu, anayekamua ng'ombe wake mwenyewe mpaka leo, na hana tabia ya kupayuka. Alikuwa ameandaa sinia kwa ajili yangu peke yangu. Ugali, kuku mzima, maziwa. Nikanawa, nikamega mara chache, nikala kipande cha kuku na mboga, nikanawa tena. Nikasema nimeshiba, asante shangazi.

Alilitazama sinia. Akalivuta upande wake, akamega pale pale nilipomega mimi, akala. Akachukua kuku akala. Akanywa maziwa. Alifanya hivyo polepole, akinitazama, na mimi nikaelewa anachofanya. Alikuwa ananionyesha kwamba hakuna sumu.

"Shangazi, usifanye hivyo."

"Nilikunyonyesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko," akasema. "Leo unaogopa mkono wangu?"

Watu wameniita mengi maishani na sikuwahi kupoteza usingizi. Hili lilikuwa jingine. Mashine na madeni niliviona vidogo. Kama shangazi angebaki na wazo lile, ningekuwa nimepona sukari nikiwa sina kwetu.

"Siogopi mkono wako," nikasema. "Naogopa sungusungu."

"Sungusungu gani?"

"Walioko tumboni mwangu."

Akaacha kutafuna.

Nikamweleza. Mimi ni mtu wa kueleza, na siku ile nilieleza kuliko siku zote. "Unajua ng'ombe wakiibwa hapa usiku, mtu anapiga yowe?"

"Nani asiyejua."

"Sungusungu wa kijiji wanatoka na mishale. Wakikuta mambo ni madogo, wanatuliza, wanarudi kulala. Sasa fikiria yowe haliishi. Linapigwa leo, kesho, mwezi mzima. Itakuwaje?"

"Watakuja wa vijiji vingine."

"Watakuja. Watapiga kambi. Watakuwa na njaa na hasira, watapiga filimbi kuita wengine, na wale wazee wapole waliokuwa wakituliza watasukumwa pembeni. Kijiji kitakuwa kelele tupu. Sasa aje mgeni mwema na gunia la sukari, apige hodi nyumba kwa nyumba. Nani atamsikia?"

"Hakuna."

"Hodi hiyo, shangazi, kuna kitu mwilini kinaitwa insulini, ndicho kinachoipiga, ili milango ifunguliwe sukari iingie ndani. Mimi kwangu hodi haisikiki. Sukari imebaki barabarani, kwenye damu, inaharibu macho na miguu. Na anayepiga yowe ni haya mafuta yangu. Yalijazwa mpaka yakaanza kufa. Nimewaona kwa macho yangu Lusaka, kwenye kioo, wamelizunguka ghala la mafuta lililokufa, mwilini mwa mtu mwingine. Sasa wamo mwangu."

Akanawa mikono. Nje ndama alikuwa akilia.

"Hao sungusungu kosa lao ni nini?" akauliza. "Si wameitwa?"

"Hawana kosa. Wameitwa kweli. Ila kazi haiishi."

"Basi siyo wa kufukuzwa. Ni kumnyamazisha mpiga yowe."

"Ndiyo ninachofanya kwa kula kidogo. Na hata wakiondoka, wengine wanabaki wameikumbuka njia. Nikinenepa tena watarudi mbio kuliko mwanzo. Ndiyo maana sichezi."

Alilifunika sinia kwa kawa. "Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema, "nisingemuua yule jogoo." Kisha akaanza kucheka, na nilipomwambia habari ya sweta alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Ya maua?" akawa anauliza. "Ya maua kabisa?"

Nimesema shangazi hapayuki. Sasa nasahihisha: alikuwa hajapata jambo la kupayukia. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliwaambia akina mama wenzake kwamba mwanawe haumwi na hajafilisika, anawarudisha sungusungu makwao, na kwamba mwanamume yeyote mwenye tumbo aweke sikio hapo asikilize yowe. Akina mama wakaenda kuwasikiliza waume zao. Jambo likasafiri na wachuuzi hadi mnadani, na kutoka mnadani hadi Musoma.

Wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, tumbo lilitangulia mlangoni, yeye akafuata. "Nimesikia unapima hao sungusungu." Nikamwambia hao wenyewe siwaoni kwenye damu, wamejificha ndani ya mafuta, ila naweza kupima moshi wao, yaani ile protini, pamoja na sukari na ini. Akakunja mkono wa shati. Kesho yake akaleta kaka yake. Wakaja wenye mitumbwi ya uvuvi, walimu wakuu, mapadri wawili, wafanyabiashara wa ng'ombe. Wengine walipitia mlango wa nyuma ili wasionekane. Niliwapima wote, nikawaambia ukweli, waliohitaji daktari nikawapeleka kwa yule yule aliyeniita mteja. Mashine niliyoiita kopo haikupumzika. Waliokuwa wakitafuta ushahidi kwamba tumbo linatoka, niliwaonyesha mkanda.

Masika yalipokwisha, daktari aliirudia damu yangu. Sukari ilikuwa imerudi chini ya mstari, ini limetulia, ule moshi umepungua. Alitazama karatasi mbele na nyuma kama mtu anayetafuta kosa.

"Endelea hivyo hivyo, mteja," akasema.

Sikungoja Krismasi. Nilichagua siku, nikakodi gari aina ya pikapu, nikaondoka na fedha mfukoni na suruali mpya iliyoshonwa kwa kiuno changu cha sasa.

Kisorya nilifika wakati kivuko cha Ukerewe kinapakia. Rafiki yangu alikuwa anaanika mabondo. Nilimpa mtaji wake pale pale kwenye chanja, akahesabu kwa vidole vyenye harufu ya samaki, akanikumbatia. Akasema alikuwa hajawahi kuwa na wasiwasi hata siku moja. Nikamwacha aseme.

Kutoka pale nikarudi Bunda nikakunja kuelekea Buhemba. Shemeji alikuwa kwenye karasha, mweupe kwa vumbi kutoka nywele hadi viatu, kwa kelele za mawe yanayosagika hatusikiani. Nikampa bahasha. Akazima injini ili ahesabu vizuri, na kwa mara ya kwanza mchana ule pakawa kimya. Alipomaliza akanyoosha kile kiganja chake, akanigusa tumboni palipokuwa pamekazana, akakirudisha haraka.

"Haya, Shem," akasema. "Sasa konda unavyotaka."

Kisha akaomba nimpime na yeye. Nilikuwa nimebeba kifaa kidogo cha sukari, nikamtoboa kidole kile chenye vumbi. Alifumba macho kama mtoto. Majibu yake yanabaki kati yetu, ila siku hizi anatembea kwa miguu kwenda karashani.

Butiama nilifika jua linaelekea kuzama. Mitamba nilikuwa nimeshawanunua mnadani na mchunga alikuwa amewafikisha. Shangazi alikuwa amesimama katikati yao, anapapasa mgongo wa mmoja, anafunua mdomo wa mwingine kutazama meno.

"Wamekonda hawa," akasema.

"Shangazi!"

"Mimi nakwambia wamekonda. Ng'ombe siyo wewe." Lakini alikuwa anatabasamu, na alikuwa ameshawapa majina. Akawafungulia boma, wakaingia nyuma ya ng'ombe wake wakubwa, wakaanza kunusanusa majani. Akafunga kwa mti, akanawa mikono, akaniletea chakula: ugali saizi ya ngumi, mboga nyingi, na sato mmoja mdogo wa kuchemsha, kwenye sahani, siyo kwenye sinia. Nilikula chote, nikakomba na mchuzi. Hakuonja hata tonge.

Jioni ile sikudaiwa na mtu yeyote katika mkoa mzima wa Mara.